Baba Mdogo, Chama Kitanisaidia Nini?



Mtoto wa kaka yangu amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu Katoliki Mwenge, hapa hapa Moshi, shahada ya ualimu. Jumapili moja mwezi huu wa Oktoba alishuka kutoka kwao baada ya Misa ya pili, akakaa barazani kwangu hapa Kilema, akala mtori mpaka bakuli likaisha, ndipo akatoa lililomleta.

"Baba mdogo, wewe ulikuwa TMCS pale Ushirika. Katekista ananiambia nikifika tu nijiunge. Chama kitanisaidia nini?"

Nilimjibu haraka, kama wazazi tunavyojibu: utasali na wenzako, utapata marafiki wema, utajifunza uongozi. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza matangazo ya ndoa ya watu asiowajua. Nilipomaliza akauliza, "Na kazi je? Waliotangulia wanawavuta wadogo zao?"

Ni swali la haki kwa kijana wa leo, na sikutaka kumdanganya. Nilimwambia atapata jibu langu kabla hajaenda kuripoti. Nimeona niliandike hapa, kwa sababu najua mafrateri na vijana wa parokia wanaosoma jarida hili huulizwa swali hilo hilo kila mwaka vyuo vinapofunguliwa.

Nianze na kazi. Nilimaliza Ushirika mwaka 2014, mwaka ule ule chuo kilipoacha kuwa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine na kuwa chuo kikuu kamili. Baada ya hapo nilikaa nyumbani karibu miaka miwili nikipalilia migomba ya baba na kutuma barua za maombi. Hakuna mwana TMCS hata mmoja aliyenitafutia kazi. Ile niliyoipata niliiona kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, nikaandika barua kama watu wengine. Kwa hiyo anayejiunga na chama cha wanafunzi Wakatoliki akitafuta mlango wa ajira, afadhali muda huo autumie kusoma.

Kwa wasiokifahamu: vijana wetu wa sekondari wana TYCS, na wakifika vyuoni wanaingia TMCS. Pale Ushirika tulikuwa na Misa ya Jumapili, kwaya, rozari siku ya Jumatano, na jumuiya ndogo ndogo zilizopewa majina ya watakatifu kama zile za nyumbani. Mara moja moja tulikwenda hospitali ya Mawenzi na sabuni na matunda, tukakaa na wagonjwa ambao ndugu zao walikuwa mbali. Hakuna la ajabu katika hayo. Parokia yoyote inayafanya.

Tulikuwa na mchezo wetu mmoja, kuitana kwa vyeo. Mwenyekiti, Katibu, Mkaguzi. Mwaka wa pili nilichaguliwa Mhazini. Watu waliona ni chaguo la akili: nasoma uhasibu, siyo mtu wa kelele, na ni mtoto wa Kilema, mahali ambapo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya mlima huu mwaka 1890. Sijui kwa nini tunadhani mtu aliyezaliwa karibu na kengele ya zamani lazima atakuwa mwaminifu.

Muhula ule bumu lilichelewa. Wenzangu waliosoma vyuo wanajua wiki hizo zilivyo: unakunywa chai saa tano ili ihesabike kuwa chai na chakula cha mchana. Katika bahasha ya chama, chini ya godoro langu, kulikuwa na shilingi 74,500, michango ya safari ya kutembelea kituo cha watoto yatima. Nilichukua elfu tano, nikaandika kwenye kipande cha karatasi. Nikachukua elfu kumi, nikaandika. Baadaye karatasi ikapotea, au niseme ukweli, niliacha kuitafuta. Bumu lilipotoka sikurudisha. Nilinunua simu. Hapo njaa iliacha kuwa sababu, na mimi nililijua hilo siku ile ile niliyoinunua.

Mkaguzi wetu alikuwa kijana wa Sumbawanga, mpole, mtu wa kandambili hata siku ya Misa. Alikuja chumbani kwangu usiku, wenzangu wakiwa wametoka. Alikuwa ameshalipitia daftari. Akasema, "Daftari nimeliona. Sasa nionyeshe bahasha."

Nikamwambia hela nimeziweka benki.

"Benki ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipa mpaka Jumamosi, akaondoka. Najua hakumwambia mtu, kwa sababu Jumatano kwenye rozari hakuna aliyenitazama tofauti. Jumamosi nilipanda Hiace nikakimbilia nyumbani, nikamwambia mama nimekuja kuwasalimu. Jumapili jioni niliporudi nilimkuta Mkaguzi ananisubiri mlangoni, safari hii akiwa na Katibu, dada mmoja wa Rombo asiyejua kuzungusha maneno. Nikawadanganya wote wawili. Kesho yake walinipeleka kwa padre mlezi wetu.

Msomaji wa Injili ya Mathayo, sura ya 18, kuanzia aya ya 15, ameshaona njia waliyoifuata. Kwenda peke yako kwanza, kisha na mwingine, kisha kuliambia kanisa. Mimi wakati ule sikuona Injili yoyote. Niliona watu watatu wananiwinda.

Mlezi hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema nitawaambia wenzangu mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye atakuwepo.

Tulikuwa kama watu arobaini katika chumba kimoja cha mihadhara. Sitaeleza sana. Nilisema kiasi, nikasema simu. Kuna waliotaka niondolewe kabisa, na kuna mmoja aliyetaka nipelekwe kwa uongozi wa chuo. Siwalaumu, ningekuwa wao labda ningesema hivyo hivyo. Mwishowe waliamua mambo matatu. Uhazini nimevuliwa. Fedha nitalipa kwa miezi minne. Uanachama unabaki. Safari ya kituo ikaahirishwa hadi nitakapomaliza kulipa, na kila Jumapili kwenye matangazo ilitajwa kuwa bado imeahirishwa, bila kutajwa sababu. Nilitamani wangeitaja. Simu niliiuza wiki ya pili, kwa hasara.

Nikaacha kwenda. Kwaya niliacha, rozari niliacha, Misa nilishuka mjini kusali Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, nikikaa nyuma kati ya watu wasionijua. Jumatano ya tatu Mkaguzi alisimama mlangoni kwangu na kandambili zake na rozari mkononi.

"Umevuliwa uhazini," akasema. "Jumuiya hujavuliwa. Vaa viatu twende."

Nilivaa viatu. Mpaka leo, zaidi ya miaka kumi baadaye, wenzangu wale wananiita Mhazini. Miezi ya mwanzo jina hilo liliniuma kama chumvi kwenye kidonda. Siku hizi mtu akinipigia simu na kusema "Mhazini, habari za Kilema?" najua anayezungumza ananijua mimi mwenyewe, siyo mtu niliyemtengeneza kwa ajili ya kuonekana.

Nataka kijana alione hilo vizuri, kwa sababu marafiki wa chuo wapo wa kila aina. Wapo wa kusoma nao, wa kula nao, wa kutazama nao mpira. Hao wanakupenda, lakini ukianza kupotea wengi watakaa kimya, maana hakuna kilichowapa haki ya kukuuliza. Chama chetu kilikuwa na daftari, na cheo cha mtu wa kulikagua, na Injili iliyomwambia aanze kwa kuja peke yake. Mkaguzi hakuja kwangu kwa sababu ni jasiri. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule tumbo lilimsokota. Alikuja kwa sababu alichaguliwa aje.

Baadaye nilisoma habari za Mwenyeheri Frederic Ozanam, na nikashangaa kukuta kisa chake kinaanza na mtu anayedai hesabu. Mwaka 1833 alikuwa mwanafunzi mjini Paris, umri miaka 20, na yeye na wenzake walikuwa na kikundi cha mijadala ambako waliitetea imani kwa ufasaha mkubwa. Wapinzani wao wakawaambia: Kanisa lenu lilifanya mema zamani, ninyi leo mnafanya nini? Hawakuwa na cha kuonyesha. Ndipo wakaanza kutembelea familia maskini, wakiongozwa na Sista Rosalie Rendu aliyezijua nyumba hizo mlango kwa mlango. Ndiyo asili ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kiko dunia nzima. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam mwenyeheri mwaka 1997, kule kule Paris, mbele ya vijana waliokuja kwa Siku ya Vijana Duniani. Kilianza kama kikundi cha wanafunzi wachache, na swali lililowakosesha raha.

Na yupo Pier Giorgio Frassati, ambaye Papa Leo XIV amemtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Sisi watu wa mlimani tungepaswa kumpenda zaidi, maana alikuwa mpanda milima. Alisoma uhandisi wa madini Torino, akawa mwanachama wa umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa Italia na pia wa chama kile kile cha Ozanam, na pamoja na rafiki zake wakaunda kikundi walichokiita kwa utani kwa jina lenye maana kama "wahuni". Walipanda milima, walitaniana, waliahidiana kuombeana. Alifariki mwaka 1925 kwa polio, akiwa na miaka 24. Siku ya maziko familia yake ilishangaa kuona maskini wa mji walivyofurika, kwa sababu nyumbani hawakujua alikuwa akienda wapi jioni.

Nisichore picha ya malaika. Chama chetu kilikuwa na watu waliogombea vyeo kama wanagombea ubunge. Watu wa kanda moja walikaa benchi moja. Kundi letu la WhatsApp siku hizi ni michango ya harusi, michango ya misiba, na picha za watoto waliopata Komunyo ya Kwanza. Kuna wiki nalinyamazisha kabisa. Kati ya watu arobaini wale, ninaoweza kuwaita ndugu leo hawazidi watano. Lakini watano hao walinitosha kwa jambo ambalo sijamsimulia kijana, ingawa nadhani nusu yake anaijua.

Baba alifariki mwaka 2017. Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo kihamba cha nyumbani, kwa desturi yetu, kilibaki kwangu. Kaka yangu alikuwa na chake tangu zamani, huko juu. Kulikuwa na shamba la chini, upande wa Himo, la mahindi na maharage, ambalo baba alisema ni letu wote wawili. Nililikodisha. Kodi ilikuwa shilingi laki tatu kwa msimu. Nilipokea msimu wa kwanza, nikapokea na wa pili, na kaka yangu sikumpa hata shilingi. Nilikuwa na maelezo: nimegharamia matibabu ya baba, nimejenga kaburi, mimi ndiye ninayekaa na mama. Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata moja nililomwambia yeye.

Alipouliza, tuligombana mbele ya watu. Baada ya hapo hatukusalimiana miaka mitatu. Kanisani alikaa kulia, mimi kushoto. Wakati wa kupeana amani kila mmoja aliwapa wa upande wake. Watoto wake walikatazwa kukanyaga kwangu, na huyu anayeniuliza leo habari za chama alikuwa mmoja wao. Alikuwa akinipita njiani akitazama migomba.

Mwaka 2021 baba yake Katibu alifariki, tukaenda Rombo kuzika. Tulirudi watu sita katika Noah moja, Mkaguzi akiwa kiti cha mbele, amekuja kutoka Dodoma anakofanya kazi. Mazungumzo ya kutoka msibani mnayajua, yanaingia kwenye mashamba na ndugu. Tulipofika Mwika nikaanza kumlalamikia kaka yangu: mtu wa tamaa, mtu asiye na shukrani, mtu aliyemtelekeza mama. Nilisema mpaka nikachoka. Mkaguzi alinyamaza, kisha bila kugeuka akauliza, "Hiyo kodi ya misimu miwili, nani kaipokea?"

"Mimi."

"Na daftari liko wapi?"

Gari zima lilikuwa kimya. Dereva naye aliacha kutafuna miwa. Ningekasirika kama angeuliza mtu mwingine yeyote, hata mke wangu, hata paroko. Kwa yeye sikuwa na pa kujificha. Alikuwa amenikuta hapo hapo zamani, mahali pale pale.

Sikutii siku ile. Nilishuka Marangu Mtoni bila kuaga vizuri. Ilichukua miezi minne, na simu zake tatu, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Mwisho nilikwenda kuungama, na padre akaniambia nisidhani kazi imeishia kwenye kiti cha kitubio. Nikamfuata mzee mmoja wa ukoo, naye akakata jani la isale.

Kwa msomaji asiye wa huku: isale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu akikosa, akaja na jani lake lililofungwa fundo kuomba msamaha, ni vigumu sana kwa Mchaga kulikataa. Wazee wetu walikuwa nao kabla misheni haijafika, na paroko nilipomwuliza hakuona tatizo lolote, ila akataka kujua kama na fedha ninazo.

Tulipanda kwa kaka Jumamosi moja Januari 2022: mzee, mimi, kibuyu cha mbege, na nyuma yetu Mkaguzi na Katibu, waliosema wamekuja kunisindikiza lakini nadhani walikuja kuhakikisha sigeuki njiani. Kaka alituacha nje tangu saa nne hadi saa nane mchana. Shemeji alituletea viti, kisha maji, kisha akaacha kuja. Mkaguzi aliwafuata mbuzi kwa macho na hakusema neno.

Kaka alipotoka, mzee alizungumza kwa Kichaga, maneno machache. Nikapiga magoti na kunyoosha jani. Kaka alilitazama muda mrefu. Akalipokea, akalishika kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka yeye kabla yangu. Halafu akajifuta na kusema, "Jani nimelipokea. Sasa lete hesabu."

Mkaguzi alicheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Hesabu tulizifanya pale pale juu ya meza: kodi, dawa za baba, saruji ya kaburi. Nilionekana nadaiwa, ingawa pungufu ya alichodhani. Nimemaliza kulipa mwaka juzi. Hatujawa marafiki wa kutembeleana kila wiki, na kuna maneno ya siku ile ya ugomvi ambayo hayafutiki. Lakini tunapeana amani, na watoto wake wanashuka kula mtori.

Neno moja kwa ninyi mafrateri, maana jina lenu lenyewe ni "ndugu" kwa Kilatini. Seminarini udugu mmepewa pamoja na ratiba. Kengele inawakusanya, mlezi anawaona. Sisi walei tulio parokiani tunawaona baadaye, mkiwa mapadre, mmoja katika nyumba kubwa ya mapadre na simu yake, na vigango vyake, na vitabu vya hesabu za parokia ambavyo sisi tunaogopa kuvifungua mbele yake. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya huduma na maisha ya mapadre, namba 8, uliwahimiza mapadre waishi kwa namna fulani pamoja na uliheshimu vyama vyao vya kidugu. Mimi siyo mwanateolojia. Nauliza tu kama mhazini aliyevuliwa: nani, kati ya hao mnaocheza nao mpira leo jioni, atakuwa na haki ya kuja mlangoni kwenu na kandambili miaka ishirini ijayo? Mteueni sasa, akiwa bado anawajua.

Nilimwita kijana jana jioni, nikamsomea sehemu kubwa ya haya, pamoja na habari ya simu. Kuhusu simu hakuwa anajua. Alinyamaza, akachezea ufunguo wangu wa stoo, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikifika nigombee uhazini?"

Nikamwambia agombee ukaguzi.

Anaripoti Jumatatu. Leo asubuhi baba yake amenipigia simu kutoka juu, kuuliza kama nimeshatoa sehemu yangu ya godoro na ndoo. Nimemwambia tayari. Akasema vema, ila risiti niitunze.